Shirika Linayumba: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia Kurekebisha

Matatizo mengi ya mashirika yasiyo ya kiserikali hujitokeza kwenye meza ya mhasibu, ingawa chanzo chake mara nyingi hakiko kwa mhasibu. Mshahara ukichelewa, anayelaumiwa ni yeye. Kumbe shimo lilichimbwa miezi minane nyuma, siku andiko la mradi lilipotumwa kwa mfadhili bila mtu kuuliza pango la ofisi litalipwa na nani.

Kabla ya kutafuta mchawi, weka mezani vitu vitatu: taarifa za benki za miezi 12 iliyopita kwa kila akaunti, mikataba yote ya ruzuku iliyo hai pamoja na marekebisho yake, na mihtasari ya vikao vya bodi vya miaka 2. Kimojawapo kikikosekana, umeshapata dalili ya kwanza.

Benki kuna fedha, lakini mishahara na madeni ya wazabuni yanachelewa

Hapa karibu kila mara fedha za mradi mmoja zimelipia mambo ya mradi mwingine. Kipimo chake hakizidi nusu saa. Kwa kila ruzuku, andika fedha zilizopokelewa, toa zilizotumika kihalali kwa ruzuku hiyo. Kinachobaki ndicho salio lake. Jumlisha masalio yote, kisha ulinganishe na fedha zilizopo benki na kwenye kasha la fedha taslimu. Tuseme Ruzuku A inapaswa kuwa na dola 30,000 na Ruzuku B dola 22,000. Jumla ni 52,000. Benki zipo 40,000. Pengo ni 12,000.

Usishtuke bado. Uliza kwanza kama kuna mfadhili wa tatu anayelipa kwa marejesho, yaani shirika linatumia kwanza halafu linadai. Ikiwa anadaiwa 12,000 na madai yameshawasilishwa, hilo ni deni mnalomdai yeye na litakalolipwa, na tatizo lako ni mtiririko wa fedha tu: peleka madai kila mwezi badala ya kila robo mwaka, na katika mkataba ujao omba fedha za kuanzia. Lakini kama hakuna anayedaiwa, hizo 12,000 zimeliwa na gharama isiyo na bajeti. Siku A na B zikihitaji fedha zao wiki moja, hapatakuwa na pa kukopa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni gharama za uendeshaji. Pango, umeme, ukaguzi wa hesabu, mshahara wa mhasibu, ada za benki: vyote vinahudumia miradi yote, na kila mfadhili angependa vilipwe na mwingine. Masharti yanatofautiana sana. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za shughuli za mradi wenyewe. Katika ruzuku za serikali ya Marekani, shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango chake la gharama za uendeshaji linaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama zinazohesabika. Kabla ya Oktoba 2024 ilikuwa asilimia 10. Ikiwa gharama zako halisi za uendeshaji ni asilimia 18 na mfadhili anatoa 7, kila dola 100,000 za shughuli unazozipokea zinakuja na deni la dola 11,000. Hii ndiyo sababu shirika linaweza kushinda ruzuku tatu mwaka mmoja na likamaliza mwaka maskini kuliko lilivyouanza.

Dawa ni kuhamisha kila kinachoweza kupimwa kutoka kwenye gharama za uendeshaji kwenda kwenye gharama za moja kwa moja za mradi. Pango ligawanywe kwa idadi ya wafanyakazi wa kila mradi, intaneti vivyo hivyo, mafuta kwa daftari la safari za gari. Andika kanuni ya mgawanyo kwenye ukurasa mmoja, bodi iipitishe, kisha itumike kwa wafadhili wote bila upendeleo. Mkaguzi hatagombana na kanuni yenye mantiki iliyofuatwa mwaka mzima. Atagombana na mgawanyo uliobadilika mwezi wa Desemba kwa sababu bajeti fulani ilibaki na nafasi.

Chanzo cha pili ni mishahara iliyogawanywa vibaya. Chukua kila mfanyakazi, jumlisha asilimia zake kwenye bajeti zote. Meneja aliyewekwa asilimia 60 kwenye mradi mmoja, 40 kwenye wa pili na 20 kwenye wa tatu amefika 120, na mfadhili yeyote akiziona fomu zake za saa za kazi ana haki ya kudai arudishiwe. Kinyume chake ni mhasibu mwenye asilimia 70 tu zilizolipiwa: zile 30 hazina mwenyewe, na ndizo zinazokopa kimya kimya kutoka Ruzuku B.

Kuziba pengo lililokwisha kutokea hakuna njia ya mkato. Usilizibe kwa kuhamisha gharama kwenye mradi wenye nafasi. Hilo linaugeuza uzembe kuwa udanganyifu. Andika mpango wa marejesho kutoka fedha zisizo na masharti: michango, ada za wanachama, mapato ya ushauri au ukodishaji wa ukumbi. Upitishwe na bodi, na ikiwa kiasi ni kikubwa, mfadhili aambiwe kabla hajagundua mwenyewe. Wengi watakubali ratiba ya miezi. Wachache watakata mkataba, nao wangeukata hata hivyo.

Mfadhili amekataa baadhi ya gharama

Mhasibu atasema nyaraka zote zipo. Huenda ni kweli; kinachokosekana ni nyaraka zinazosimulia jambo moja. Fungua kabrasha la malipo ya mafunzo ya siku 3 kwa watu 30. Linatakiwa liwe na ombi lililoidhinishwa kabla ya tarehe ya mafunzo, mwaliko, ratiba, karatasi ya mahudhurio ya kila siku, karatasi ya posho, ankara na stakabadhi ya ukumbi, ripoti ya mafunzo, na uthibitisho wa malipo. Sasa zisome kama mkaguzi anavyozisoma. Ripoti inataja washiriki 27, ukumbi ulitoza chakula cha 30, posho zimelipwa 30. Karatasi ya siku ya tatu ina sahihi zote zimelala upande mmoja, wino mmoja, na jina la mtu mmoja limeandikwa kwa tahajia mbili tofauti. Hakuna karatasi hata moja iliyokosekana, na bado malipo ya watu 3 kwa siku 3 yatakataliwa, pengine na shughuli nzima.

Kinga si kuongeza fomu. Msimamizi wa shughuli asiwe ndiye anayelipa posho, na anayelipa asiwe ndiye anayeandika ripoti. Palipo na huduma ya fedha kwa simu, lipa kwa simu moja kwa moja kwa mshiriki. Orodha ya miamala haiwezi kutiwa sahihi na mtu mmoja chini ya mwembe.

Sababu nyingine za kukataliwa hujirudia kiasi cha kuchosha:

- Tarehe. Ankara ni ya siku 4 baada ya mradi kufungwa. Kinachoangaliwa kwa kawaida ni lini gharama ilitokea, si lini ililipwa, kwa hiyo huduma iliyotolewa ndani ya muda inaweza kuokolewa kwa hati ya kupokea mali au kazi yenye tarehe sahihi ya wakati ule. Hati iliyotengenezwa leo na kurudishwa tarehe haiokoi kitu, inaongeza kosa.
- Nukuu tatu za bei, eti za wazabuni watatu, zenye makosa yaleyale ya uchapaji. Kila mkaguzi anaujua mchezo huu.
- Fungu la bajeti limezidishwa bila kibali. Mikataba mingi inaruhusu kuhamisha kiasi fulani kati ya mafungu bila kuomba, na asilimia 10 ni kiwango cha kawaida. Soma mkataba wako, usiutegemee wa mradi uliopita.
- Kodi ya ongezeko la thamani inayoweza kurejeshwa. Shirika lenye haki ya kurudishiwa kodi kwa kawaida haliruhusiwi kumtoza mfadhili kodi hiyohiyo.
- Masurufu yasiyofungwa, yaani fedha alizopewa mfanyakazi mapema bila kuzitolea hesabu. Mtu anapewa masurufu mapya kabla ya kurejesha hesabu za yale ya kwanza. Weka siku 7 baada ya safari, kisha kata kwenye mshahara, na sharti hilo liwe limeandikwa katika mkataba wa ajira.

Hifadhi kila kitu baada ya mradi kufungwa. Ruzuku za serikali ya Marekani zinadai angalau miaka 3 tangu kuwasilishwa kwa taarifa ya mwisho ya fedha. Sheria za nchi unakofanya kazi zinaweza kudai zaidi, na katika hali hiyo muda mrefu ndio unaotawala. Nakala za kielektroniki zikae nje ya kompyuta ya mhasibu.

Mfadhili mkuu amesitisha fedha ghafla

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Kabla muda huo haujaisha, sehemu kubwa ya mikataba ilikuwa imefutwa, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likaacha kutekeleza misaada. Mashirika yaliyokuwa yanaandika taarifa nzuri na kupata hati safi za ukaguzi yalianguka pamoja na yaliyokuwa ovyo. Kwa hiyo dalili hii haimaanishi lazima umefanya kosa. Inapima tu kama uliacha nafasi ya kupumua.

Vipimo viwili, vifanyike kila robo mwaka na kupelekwa kwenye bodi. Cha kwanza: mchango wa mfadhili mkubwa ukigawanywa kwa mapato yote. Ukivuka nusu, shirika kwa kweli ni idara ya mfadhili huyo, hata kama lina nembo yake. Cha pili: fedha zisizo na masharti zikigawanywa kwa gharama za mwezi ambazo haziepukiki, yaani mishahara ya msingi, pango na madeni. Jibu likiwa chini ya 3, barua moja ya kusitisha fedha inaweza kulifunga shirika. Usihesabu fedha za miradi katika akiba. Hizo si zenu.

Barua ikifika, siku mbili za kwanza ni za kazi ya karatasi, si za vikao vya kuliwazana. Soma kama inasema kusimamisha au kuvunja, maana kusimamisha huacha baadhi ya gharama zikilipika na kuvunja kuna utaratibu wake wa kufunga. Zuia maagizo mapya ya manunuzi siku hiyohiyo. Orodhesha ahadi zilizokwisha kufanywa: mikataba ya wazabuni, malipo ya likizo ambayo wafanyakazi wanadai, notisi zinazotakiwa na sheria ya kazi, pango hadi mwisho wa muda. Tuma orodha hiyo kwa mfadhili pamoja na madai ya kila kilichotumika hadi tarehe ya barua. Wanaochelewa wiki mbili hukuta ofisa waliyekuwa wakiwasiliana naye hayupo tena.

Wafanyakazi waambiwe ukweli mapema, pamoja na hesabu. Kinachoua shirika katika kipindi hiki ni kuendelea kulipa mishahara kamili kwa miezi minne kutoka kwenye ruzuku nyingine "hadi mambo yatakapokaa sawa." Hapo unarudi kwenye pengo la dola 12,000, ila sasa lina sifuri moja zaidi.

Maandiko ya miradi yanakataliwa moja baada ya jingine

Likikataliwa bila maoni, mara nyingi halikufika kwa msomaji: liliondolewa kwenye mchujo wa awali kwa hati ya usajili iliyokwisha muda, hesabu zisizokaguliwa, au bajeti iliyovuka ukomo. Mtu asiyehusika na uandishi apewe tangazo la mfadhili na andiko, atie alama sharti kwa sharti. Likikataliwa kwa maoni, tazama bajeti na maelezo kwa pamoja. Maelezo yanaahidi kufika vijiji 40, bajeti ina pikipiki moja na mafuta ya safari mbili kwa mwezi. Msomaji mzoefu huanza na bajeti, kwa sababu ndiko shirika linakosema linachokusudia kufanya kweli.

Na kuna chanzo ambacho watu hawapendi kukisikia: shirika linaomba fedha za kila kitu. Mwaka huu maji, mwaka ujao jinsia, kisha tabianchi. Anayesoma rekodi yenu haoni wepesi wa kubadilika, anaona shirika lisilo na kazi yake.

Takwimu za mradi hazilingani

Taarifa ya robo ya kwanza inasema wanufaika 1,200, ya pili 1,450, ya mwaka 1,300. Sababu karibu kila mara ni kuhesabu mahudhurio badala ya watu. Mtu aliyehudhuria mafunzo matatu amehesabiwa mara 3. Suluhisho ni namba moja ya utambulisho kwa kila mnufaika, itumike kwenye shughuli zote, na kiashiria kielezwe kwa maandishi kabla ya kuanza kukusanya: nani anahesabiwa, lini, mara ngapi, na uthibitisho gani unatosha. Kaya na mtu visichanganywe katika safu moja.

Punguza viashiria. Maofisa wawili wa uwandani hawawezi kufuatilia viashiria 38. Watajaza fomu usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na namba zitafanana na malengo kupita kiasi. Lengo la 500 lililofikiwa kwa 500 kamili linapaswa kukutia wasiwasi kuliko lililofikiwa kwa 463.

Watu wanakuja posho ikiwepo tu

Lawama hupelekwa kwa jamii, wakati shirika ndilo lililofundisha tabia hiyo. Angalia nani alichagua shughuli: kama orodha ya mahitaji iliandikwa ofisini na mkutano wa kijiji ukaitwa kuibariki, posho ndiyo faida pekee ambayo mshiriki anaiona. Kulipa nauli na chakula kwa aliyeacha shamba lake si kosa. Kosa huanza pale mashirika yanayofanya kazi eneo moja yanaposhindana viwango. Kaeni pamoja, mkubaliane kiwango kimoja, mkiandike, nacho kilingane na gharama halisi.

Weka pia njia ya malalamiko isiyopitia kwa ofisa wa mradi. Kisanduku kilichowekwa ndani ya ofisi ya ofisa huyohuyo ni pambo. Viwango vya kimataifa vya kazi za kibinadamu, vilivyorekebishwa mwaka 2024, vinalihesabu suala hili kuwa ahadi kwa watu wanaohudumiwa, na wafadhili wengi sasa wanaliuliza.

Benki inazuia uhamisho au inataka kufunga akaunti

Benki huyaogopa mashirika haya kwa sababu ya sheria za kupambana na utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi. Chombo cha kimataifa kinachoweka viwango hivyo, FATF, kilirekebisha Pendekezo lake la 8 mwezi Novemba 2023 ili hatua zilenge mashirika yenye hatari halisi, zisiyakumbe yote. Ofisa wa tawi huenda hajasikia habari hizo. Usibishane naye, mpe kabrasha lililokamilika: usajili, katiba, orodha ya wajumbe wa bodi na vitambulisho vyao, hesabu zilizokaguliwa, mkataba wa ruzuku unaoeleza fedha zinazoingia zinatoka wapi, na barua inayotaja miamala mikubwa inayotarajiwa katika miezi 6. Lipeleke kabla fedha hazijaingia. Akaunti nyingi huzuiwa kwa sababu ndogo kabisa: mwenye sahihi aliondoka kwenye bodi miaka miwili iliyopita na benki haikuambiwa.

Mwanzilishi na bodi hawaelewani, au bodi haisikiki kabisa

Bodi iliyonyamaza ni hatari zaidi kuliko inayogombana. Soma mihtasari: maazimio yote yamepita bila swali, vikao vimekosa akidi, mwenyekiti ni ndugu wa mkurugenzi, mweka hazina hajawahi kuomba taarifa ya benki. Katika hali hii mwanzilishi hana wa kumzuia wala wa kumkinga, na siku mfadhili akiuliza nani aliidhinisha mkopo wa gari, jibu ni yeye peke yake.

Anza na katiba. Iweke ukomo wa muda wa ujumbe wa bodi, kwa mfano miaka 3 inayoweza kurudiwa mara moja, na wajumbe wasiondoke wote mwaka mmoja. Mkurugenzi anayelipwa mshahara ahudhurie vikao bila kura. Kila mwaka wajumbe wajaze tamko la mgongano wa maslahi, na anayehusika atoke chumbani wakati suala lake linajadiliwa, kutoka kwake kuandikwe. Wajumbe 5 hadi 9 wanaofanya kazi wanatosha. Orodha ya watu mashuhuri 15 hupendeza kwenye kalenda ya shirika, ila akidi haipatikani.

Ugomvi wenyewe mara nyingi unahusu mpaka: bodi inataka kuchagua dereva, mkurugenzi anataka kupitisha bajeti yake mwenyewe. Tengenezeni jedwali moja la mamlaka lenye viwango vya fedha, nani anaomba, nani anaidhinisha, nani anaarifiwa.

Wafanyakazi wazuri wanaondoka

Mshahara ni sababu, lakini tazama tarehe za kuondoka. Zikirundikana miezi mitatu kabla ya mradi kwisha, watu wanakimbia kutojua. Mikataba ya mwaka mmoja haiepukiki, kimya kinaepukika. Mwambie kila mtu kwa maandishi, siku 90 kabla, kama kuna matarajio ya kuongezwa au la. Makabidhiano yafanyike kwa orodha: nywila, funguo, mali, mawasiliano ya wazabuni, kazi zilizobaki.

Unahisi kuna wizi

Dalili zinajulikana: mhasibu asiyechukua likizo, ulinganisho wa hesabu za benki uliochelewa miezi mitatu, mzabuni anayeshinda kila zabuni, stakabadhi zenye namba zinazofuatana kutoka duka moja kwa tarehe zilizoachana mbali.

Usimwite mtuhumiwa kwanza. Omba taarifa za benki moja kwa moja kutoka benki, si nakala zilizochapishwa ofisini. Hifadhi nakala za kielektroniki, kisha badilisha haki za kuingia kwenye benki ya mtandaoni. Mwambie mwenyekiti wa bodi. Kama yeye ndiye anayetajwa, mwambie mweka hazina au mjumbe mwingine. Fungua mkataba wa ruzuku kwenye kifungu cha kutoa taarifa za udanganyifu, maana mingi inadai mfadhili ajulishwe mara tu kunapokuwa na shaka ya msingi, si baada ya uchunguzi kukamilika. Mtuhumiwa asimamishwe kwa kufuata sheria ya kazi, akiwa na haki ya kujibu. Kumfukuza siku hiyohiyo kwa hasira kumeyagharimu mashirika fidia kubwa kuliko kiasi kilichoibwa.

Akitokea kurejesha fedha katikati ya uchunguzi, zipokee kwa stakabadhi, ziingie kwenye akaunti ya ruzuku husika, na uchunguzi uendelee. Usimpe barua inayosema suala limekwisha, kwa sababu mwenye mamlaka ya kusema hivyo ni bodi baada ya kusoma ripoti, na kwa fedha za mfadhili, mfadhili mwenyewe.